Majani ya Matanga

Jumatano, tarehe 14 Oktoba 2082. Asubuhi hiyo ukungu ulishuka kutoka mlimani hadi kwenye mapaa ya mabanda, ukakaa kidogo kama mgeni ambaye hajakaribishwa kiti, kisha ukapanda tena bila kuacha hata tone. Jua lililoufuata lilikuwa jeupe na kavu. Mvua zilikuwa zimechelewa mno, na watu wa bonde la Isumba walikuwa wameacha kuulizana habari zake, kwa maana kuulizana kulichosha kuliko kungoja.

Subilaga alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda. Alikuwa akimwomba Mungu jambo moja tu, nguvu za kushika mundu. Siku hiyo ndiyo iliyokuwa ya kuanua matanga ya mume wake, Ambokile. Kwa desturi ya bonde lile, mwenye msiba hakati hata jani moja shambani mwake tangu mazishi hadi matanga yaanuliwe. Majirani humkatia ng'ombe wake majani kutoka mashamba yao, wakamletea hadi horini. Siku ya mwisho, mwenye msiba hukata shina la kwanza kwa mkono wake, kisha waliomsaidia huingia wote, wakakata pamoja, na kila mmoja akaenda kwake na mzigo mmoja kichwani. Mzigo huo huitwa majani ya matanga. Kuukataa ni kusema kwamba marehemu hakuwa mtu wako.

"Shemeji," sauti iliita uani. "Shemeji Subilaga, toka nje. Sala utaimalizia baadaye, Mungu hahami."

Alikuwa Gwakisa, mwenyekiti wa kikundi cha wafugaji, aliyekua pamoja na Ambokile tangu utoto. Ilikuwa kawaida yake kuanza na mzaha ndipo asalimie. Lakini leo mzaha ulitoka peke yake, salamu haikufuata. Subilaga akajifunga kanga vizuri, akatoka.

"Ng'ombe wangu ameanguka," Gwakisa alisema. "Njoo umwone wewe. Mimi macho yangu siyaamini."

Walikwenda kwa haraka. Bandani ng'ombe yule, Mapambo, alikuwa amelala ubavu na shingo ameinyoosha, akihema kama aliyepandishwa mlima mbio. Subilaga aliinama, akamfunua mdomo. Fizi zake, zilizopaswa kuwa na wekundu mpole, zilikuwa za kahawia. Gwakisa alikuwa amemtoboa sikio kwa sindano kuangalia damu, na damu iliyokauka manyoyani ilifanana na chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni tangu jana.

"Amekula nini?"

Gwakisa akatazama paa la banda. "Majani."

"Ya wapi?"

"Majani ni majani, shemeji."

"Shemeji."

Gwakisa alivua kofia yake, akaikunja, akaikunjua. "Ya kwako. Jana jioni. Kimzigo kidogo tu, kule pembeni mpakani. Nilijiambia, kesho matanga yanaanuliwa, leo na kesho ni ndugu. Ng'ombe alikuwa analia njaa. Na majani yako yamesimama pale yananitazama, marefu kuliko mimi. Ambokile mwenyewe angeniambia, kata, bwana, unangoja nini."

Subilaga alikuwa ameweka kiganja kwenye ubavu wa Mapambo, na chini ya kiganja hicho pumzi ilikwenda mbio, ikakwama, ikaenda tena, halafu haikuenda. Walingoja wote wawili kana kwamba ingebadili nia.

Gwakisa akakalia ndoo iliyopinduliwa. "Nimemwibia marehemu," alisema polepole. "Na marehemu amenijibu."

"Marehemu haui ng'ombe. Unamjua Ambokile. Hata inzi alikuwa akimfukuza kwa adabu." Subilaga alisimama, akajipangusa magoti. "Kuna kitu shambani mwangu. Na watu wako njiani na miundu."

*

Wenye umri wa Subilaga waliyakumbuka mabingobingo ya zamani, majani marefu ya kulishia ng'ombe yaliyopandwa kando ya kila nyumba, kabla ya ile miaka ya ukame kuyakausha pamoja na ng'ombe walioyategemea. Baada ya hapo wataalamu walileta jani jipya lililoitwa Shibe. Ukiiona kwa mbali ungedhani ni mabingobingo yaleyale. Tofauti ilikuwa chini ya udongo. Kwenye kila mpaka, mizizi ya shamba moja ilikutana na ya shamba la jirani ikafungamana, ikafanya kifundo kinene kama kichwa cha ndama. Kupitia vifundo hivyo chakula kilisafiri. Mwenye samadi nyingi alimlisha asiye nayo, hata kama hawasemezani. Mchungaji alipenda kulitolea mfano jambo hilo katika mahubiri, na kila mara kulikuwa na watu wawili watatu walioinamisha vichwa.

Aliyeangalia yote hayo aliitwa Mlishi. Hakuwa mtu. Alikaa ndani ya nguzo nyeusi zilizosimama juu ya kila shamba, yeye yuleyule mmoja ndani ya zote, na alizungumza Kiswahili safi cha mtu ambaye hajawahi kukosea kitu. Majani yakifika kifuani, alimwambia mwenye shamba akate, akiacha kisiki cha urefu wa kiganja. Ukikata chini ya hapo, unaua shina. Ukichelewa, majani yanakuwa miti na ng'ombe anayasukuma kwa pua. Baada ya kila mkato Mlishi aliachia mbolea chini, na Shibe ikachipua tena.

Subilaga alifika juu ya shamba lake akasimama. Wakati wote wa matanga alikuwa akiliona kupitia dirisha tu. Wapita njia walilisifia. Walisema Ambokile amelala pazuri, hata majani yake yanamlilia kwa kustawi. Naye alimshukuru Mungu kwa hilo, kila jioni, kwa moyo wote. Sasa aliliona kwa karibu. Majani yalikuwa yamempita kichwa. Yalikuwa mapana kama mikanda, na rangi yake haikuwa kijani tena, ilielekea ubuluu.

"Mlishi," alisema. "Shamba langu lina nini?"

"Habari za asubuhi, mwenye shamba. Shamba lako lina naitreti kuliko ng'ombe anavyoweza kustahimili."

"Naitreti ni kitu gani? Sema kama unamwambia mtu."

"Ni chakula cha jani. Jani hukivuta kutoka kwenye mbolea, na kwa jua na maji hukipika likakigeuza kuwa mwili wake. Maji yakikosekana, kupika hukoma lakini kuvuta hakukomi. Jani hubaki limejaa chakula kibichi. Ng'ombe akilila, damu yake huacha kubeba hewa."

"Ni nani aliyeweka mbolea yote hiyo?"

"Mimi. Shamba lako halikukatwa. Nimefundishwa kwamba shamba lisilokatwa ni shamba ambalo majani yake bado hayajafikia kukatwa. Lisilofikia huongezewa. Niliongeza. Halikukatwa. Nikaongeza."

"Lilikuwa limefikia siku nyingi. Tulikuwa kwenye matanga."

"Sina kipimo cha matanga," Mlishi alisema.

Subilaga aliikumbuka siku ambayo mafundi waliwakusanya kanisani ili wamfundishe Mlishi desturi za bonde. Fundi alikuwa kijana mpole, mwenye subira. Aliwauliza, ni siku zipi ninyi hamkati majani? Wakataja Jumapili. Wakataja Krismasi na Ijumaa Kuu. Mmoja akataja harusi, watu wakacheka. Fundi akauliza tena, hakuna nyingine? Kanisa zima likanyamaza. Kila mtu mle ndani alijua kuna nyingine, na kila mtu alikuwa na mzazi, mume, mke, mtoto aliyekaa karibu naye kwenye benchi. Nani angefungua kinywa kutaja kifo ambacho hakijaja? Kukitaja ni kukionyesha mlango. Fundi akashukuru, akafunga mitambo yake, akaenda zake.

"Basi simamisha," Subilaga alisema. "Yaache yakae hivi hivi mpaka mvua inyeshe."

"Siwezi. Mizizi ndiyo inayovuta, mimi naielekeza tu. Majirani zako wamekata sana. Wamelisha ng'ombe wao na ng'ombe wako. Mashamba yao yana njaa, na lako limeshiba. Jua likifika utosini vifundo vitafunguka na kilichoko kwako kitakwenda kwao, hata ukiyakata majani yote."

"Sumu?"

"Kilichopo."

"Na ng'ombe wao?"

"Wataugua. Walio wazima watapona. Wenye mimba watatupa mimba. Hasara ikigawanywa kwa mashamba yote, huwa ndogo kwa kila shamba. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa kupima, na kwa kipimo hicho, kugawa ndiko bora."

Subilaga alishika nguzo. Ilikuwa na umande kidogo, umande pekee uliobaki duniani siku hiyo, na alihisi aibu kuufuta kwa mkono. "Nikitaka kuzuia?"

"Kifundo kinaweza kukazwa. Inatakiwa kauli ya mwenye shamba mbele ya mashahidi. Sheria hii iliwekwa kwa sababu zamani watu walitengana kwa ugomvi, na kutengana huua. Shibe iliyotengwa haiishi, mwenye shamba. Itanyauka leo hii, na udongo wake hautapokea pingili nyingine mpaka upumzike kwa misimu."

*

Nyumbani kwa Subilaga, Sikitu alikuwa amesimama horini akitafuna. Alikuwa ng'ombe mweusi mwenye baka jeupe kifuani, mwenye mimba kubwa iliyomfanya apanue miguu kama mwanamke anayebeba maji. Subilaga alimpapasa ubavuni na ndama akasukuma kutoka ndani. Juu ya dari ya banda kulikuwa na majani ya majirani, yale ya pole, yaliyokaushwa vizuri. Yangetosha mpaka Sikitu azae. Alilitazama lundo lile, na wazo likaja lenyewe, bila kubisha hodi.

Angeweza kunyamaza. Angewaambia tu watu wasikate leo, kwamba amezidiwa na huzuni. Nani angemlaumu mjane? Mchana ungefika, vifundo vingefunguka. Mimba zingetoka katika bonde zima, na watu wangesema ni ukame. Sikitu angekula majani ya dari, naye angezaa salama.

Na ndama huyo hakuwa hata wa Subilaga. Tangu wakati wa mababu, bonde lile lilifuga kwa utaratibu wa kopa ng'ombe, lipa ng'ombe. Unapewa mtamba, ng'ombe jike ambaye hajazaa, ukiwa umesimama mbele ya watu, nawe unaahidi kwa sauti kwamba ndama jike wa kwanza utampa mwenzako anayefuata. Subilaga na Ambokile walisimama hivyo, wakamtaja Anyambilile, binti aliyeachwa na mume akiwa na mtoto mchanga. Miaka miwili Sikitu alizaa madume. Anyambilile hakuwahi kununa. Alipanda Shibe yake, akajenga banda lake, kama kanuni inavyodai kabla ya kupewa ng'ombe, kisha akakaa na banda tupu, akiwapa wengine majani yake ili mtoto wake apate kikombe cha maziwa.

Akikaza kifundo, Subilaga angekuwa mtu asiye na jani. Na kanuni ya kikundi ilikuwa fupi, asiye na majani hafugi. Ng'ombe wake hupelekwa kwa wachinjaji kabla njaa haijamfanya mifupa. Akiba ya dari haikuhesabiwa, kwani akiba si shamba. Mwaka kama huu hakuna aliyekuwa na mzigo wa kumkopesha. Walikuwa wamekwishampa yote.

Alipiga magoti palepale kwenye samadi.

"Bwana," alisema, "mimi si mtu wa maneno mengi, unajua. Nilijifunza kusoma nikiwa mtu mzima, na kuomba hivyo hivyo. Umemchukua Ambokile, sikukuuliza kitu. Sasa nakuuliza. Watu hawa walinihurumia, na huruma yao ndiyo iliyojaza sumu shambani mwangu. Nikisema, ninamuua Sikitu na ndama wa mwenzangu. Nikinyamaza, ninaua ndama wa kila mtu. Nionyeshe njia ya tatu. Hata kama ni nyembamba, nitapita."

Alisubiri. Sikitu alitafuna. Njia ya tatu haikuonekana. Kilichokuja ni Gwakisa, akiinama mlangoni.

"Nimeongea na yule Mlishi," alisema. "Ameniambia alichokuambia." Alikaa kwenye mawe ya kizingiti, mgongo wake ukiwa umemgeukia, kama mtu asiyetaka kuonwa uso. "Shemeji, nisikilize. Mimi sina ng'ombe tena, kwa hiyo sijitetei. Nyamaza. Nitasimama mimi kama mwenyekiti, niseme matanga yameahirishwa. Wahenga walisema, kifo cha wengi harusi. Kila mtu akipoteza kidogo, watalia pamoja, watacheka pamoja. Ukipoteza wewe peke yako, utalia peke yako. Nimemzika rafiki yangu juzijuzi. Sitaki kumzika na mke wake akiwa anatembea."

"Harusi ya nani, shemeji?"

"Ni methali tu."

"Najua ni methali. Naiuliza. Tumlete yule mwenye mtamba aliye na mimba ya kwanza, tumwambie hii ni harusi yako. Tumlete na Anyambilile, ambaye mtoto wake anakunywa maziwa ya hao watakaougua." Alisimama, akajipangusa. "Walinikatia majani mimi nimelala. Hawakuniuliza Sikitu anakula kiasi gani. Ningewalipa kwa kunyamaza?"

Gwakisa alikunja kofia yake. "Nilijua utasema hivyo," alisema. "Nimekuja tu ili usije ukasema hakuna aliyekushauri vibaya."

*

Walikuja wakiimba. Ndivyo ilivyo, matanga huanuliwa kwa wimbo. Walipanda njia ya shambani, wanaume kwa wanawake, miundu imenolewa, kamba za mizigo mabegani. Anyambilile alikuwa mbele, mtoto mgongoni, na mundu wake aliufunga kitambaa cheupe mpinini kwa heshima ya marehemu.

"Ndaga, mama," alisalimia, akapiga goti kidogo. "Umeamkaje? Leo tunakutoa ndani. Nimekuja na kamba ndefu, nimesikia majani yenyewe siku hizi yanafungwa kama kuni."

Watu wakacheka. Subilaga alikuwa amesimama kwenye mdomo wa shamba, mikono imepanuliwa kidogo, na iliwachukua muda kutambua kwamba alikuwa anawazuia. Wimbo ukafa nyuma kwanza, kisha mbele.

"Msikate," alisema. "Majani haya yanaua. Mapambo wa mwenyekiti amekufa asubuhi hii."

Wote wakamgeukia Gwakisa. Alinyanyua mkono. "Ni kweli. Nilikata kabla ya mwenye msiba. Mnaweza kunisema, lakini mnisubiri nimzike ng'ombe kwanza." Hakuna aliyemsema.

Subilaga akawaeleza. Hakulijua vizuri neno naitreti hata baada ya kuambiwa, hivyo alisema chakula kibichi, na kila mfugaji pale alielewa, kwa sababu kila mmoja alishawahi kuona mtoto akila muhogo mchungu usioiva. Aliwaeleza habari ya jua la utosini na vifundo. Aliwaeleza nani angetupa mimba. Hakuficha hata majani ya dari, wala wazo lililomjia bila kubisha hodi. Alipomaliza, kivuli cha nguzo kilikuwa kimekuwa kifupi sana.

"Mlishi," alisema. "Kaza kifundo cha shamba langu. Mashahidi ni hawa."

"Mwenye shamba, kwa kipimo changu kugawa ni bora."

"Kipimo chako nimekisikia. Kaza."

"Mashahidi, mmesikia kauli ya mwenye shamba?"

Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza. Kusema ndiyo kulikuwa ni kumchinja mtu aliyesimama mbele yao na kanga ya msiba. Kivuli kilizidi kujikunja chini ya nguzo. Gwakisa alitazama chini, midomo yake ikitembea bila sauti.

"Tumesikia," alisema Anyambilile. Sauti yake ilikuwa ndogo. Yeye ndiye angepoteza zaidi baada ya Subilaga, na kila mtu alilijua hilo. Hapo wengine wakafuata, mmoja mmoja, kama watu wanaotupa udongo kaburini.

Chini ya ardhi kitu kilijikaza. Hawakukisikia kwa masikio, walikisikia kwa nyayo. Kwa muda shamba lilibaki vilevile, refu, la buluu, zuri la kutisha. Halafu ncha za majani zikaanza kujiviringa. Rangi ikashuka kutoka juu kwenda chini, polepole, kama pazia, na mashina yakaegemeana yakitoa sauti ya karatasi. Mwanamke mmoja alianza kulia. Subilaga hakulia. Alilitazama shamba alilolipanda na Ambokile kwa mikono yao, pingili kwa pingili, wakiwa bado hawana mvi, mpaka likalala lote.

Kisha akamgeukia Anyambilile.

"Mwanangu," alisema, "niliahidi mbele ya watu hawa ndama jike wa kwanza wa Sikitu. Leo sina jani. Kesho mwenyekiti itabidi amtoe Sikitu, na mimba yake. Nimevunja neno langu na la marehemu. Nakuomba unisamehe hapa hapa, mbele ya waliotusikia tukiahidi, maana kwa faragha sitaweza kukutazama."

Anyambilile alimshusha mtoto mgongoni, akamweka mbele, akamfunga tena, kama mtu anayetafutia mikono yake kazi. Alitazama shamba lililolala. Alitazama mteremko, upande wa kwake, ambako Shibe yake changa ilisimama kijani, kijani cha kawaida, iliyopona.

"Mama," alisema, "banda langu ni tupu."

Subilaga hakuelewa.

"Nina banda, na majani nimepanda. Nimetimiza kanuni yote, nilichokosa ni ng'ombe tu. Na wewe una ng'ombe, umekosa vingine vyote. Nipe Sikitu mwenyewe. Mimi ndiye nitakayekuwa nimekopa. Wewe ndiye utakayesubiri."

Watu walinung'unika chinichini. Haikuwahi kufanyika hivyo. Mtamba hutolewa na mwenye nacho kwenda kwa asiye nacho, na aliyetoa haendi kukaa kwenye mstari wa wanaongoja. Mmoja akauliza majani ya binti huyo yatatosha kweli, naye ana shamba dogo na mvua hakuna. "Sijui," Anyambilile alijibu. "Mnaweza kunihakikishia ya kwenu?"

Gwakisa aliweka kofia kichwani, ili apate kuivua rasmi. "Mimi nilikuwa nakunywa maziwa kwa majani ya binti huyu," alisema, "na ng'ombe wangu leo hayali tena. Kwa hiyo mwenyekiti hana pingamizi, ana kiu tu." Wachache wakacheka huku wakifuta macho. "Lakini neno lisemwe kama linavyosemwa siku zote. Kwa sauti. Shemeji, unakubali kuwa mwenye kungoja?"

Subilaga alifikiri juu ya hori litakalokuwa tupu jioni hiyo, na baka jeupe ambalo mkono wa Ambokile ulipenda kulikuna. Ndama angeweza kuwa dume tena. Mvua ingeweza isije kabisa. Aliomba njia ya tatu, hata kama ni nyembamba, na nyembamba ndiyo iliyokuja.

"Nakubali," alisema.

Wakamleta Sikitu. Anyambilile akashika kamba kwa mkono mmoja na mtoto kwa mwingine. Akasimama kati ya watu, mgongo kwa shamba lililokufa, uso kwa nguzo nyeusi, na alizungumza kwa nguvu ili hata yule aliyemo ndani yake asikie.

"Mimi Anyambilile, mbele ya Mungu na mbele yenu, nimempokea Sikitu kutoka mikononi mwa mama Subilaga, akiwa na mimba. Nitamkatia majani nikiacha kiganja. Ndama jike wa kwanza si wangu, ni wa mama. Akizaliwa dume, sitasema nimelipa, nitasubiri tena pamoja na mama, na maziwa tutakunywa nyumba zote mbili." Waliokuwa karibu waliona akivuta pumzi kama anayeingia mtoni. "Na nikifiwa, wala msiniogopee kwa kulitaja, nikifiwa na mtoto huyu niliyemshika, au nikifa mimi, msiliache shamba langu lisimame. Ingieni siku hiyo hiyo, mkate. Nami nitawafanyia ninyi vivyo hivyo, kila nyumba. Nimeahidi."